Duara la Havana, Duara la Ugogo

Kuna ubishi mmoja hauishi vijiweni. Kijana akionekana anajifunza salsa, anahesabu hatua moja-mbili-tatu, tano-sita-saba, hakosekani mzee wa kumtupia neno: eti hayo ya wazungu yatakusaidia nini, ngoma za kwenu umezimaliza? Kijana naye hujibu kwa jeuri kwamba siku hizi dunia ni moja, kila mtu acheze anachokipenda. Basi, ubishi unageuka makelele na kila mtu anaondoka na lake.

Mimi naona wote wawili wanagombania kitu wasichokijua asili yake. Salsa si mali ya wazungu kama mzee anavyodhani. Wala si mgeni aliyefika nchini juzi kama kijana anavyojidai. Mama yake salsa alishuka katika bandari zetu zamani, wakati wa mkoloni, akapata majina ya Kiswahili, akazaa watoto hapa hapa. Na sisi tulio huku Dodoma, katikati ya nchi, tuna sababu yetu ya pekee ya kuifuatilia habari hii. Nitaieleza polepole. Subira, maana mwanzo wake uko mbali kidogo.

Ilikotoka

Kuba ni kisiwa kilichotawaliwa na Wahispania, na utajiri wake ulitoka kwenye mashamba ya miwa. Miwa ile ililimwa na watumwa waliotolewa Afrika. Wengi walikuwa Wakongo na Wayoruba, lakini walikuwamo pia watu wa upande wetu wa bara. Wakuba waliwaita Macuá, yaani Wamakua, waliosafirishwa kutoka pwani ya Msumbiji. Utumwa ulifutwa Kuba mwaka 1886. Tuseme basi kwamba yupo Mwafrika aliyezaliwa huku, akapigiwa minyororo, na mjukuu wake akaja kuwa mpiga muziki Havana katika karne ya ishirini. Si mbali hivyo. Ni babu na mjukuu tu.

Watu hao hawakuruhusiwa kubeba kitu melini, lakini walibeba kichwani. Mashariki ya Kuba, katika milima ya Guantánamo, kuna chombo kinachoitwa marímbula: sanduku la mbao lenye vipande vya chuma, mpigaji hulikalia na kuvitekenya vyuma kwa vidole ili kutoa sauti nzito ya besi. Msomaji wa Dodoma, umeshakijua chombo hicho. Ni ndugu mkubwa wa ilimba, marimba ya mkono ya Wagogo. Sisemi kwamba Mgogo ndiye aliyeipeleka Kuba; wataalamu huihusisha na watu wa Kongo. Nasema kwamba vyuma vile vinavyolia chini ya mbuyu huku kwetu vina jamaa zao ng'ambo ya bahari, na hata jina marimba ni la Kibantu.

Humo milimani ndimo ulimozaliwa muziki uitwao son. Ulikuwa na gitaa dogo la tres, bongo, marakasi, na vijiti viwili vinavyogongwa mara tatu kisha mara mbili, ambavyo Wakuba huviita claves. Mapema katika karne ya ishirini son iliingia Havana, mjini. Mwanzoni wenye nacho waliidharau, wakasema ni kelele za watu weusi. Baadaye wakaikimbilia wao wenyewe. Mzee kipofu Arsenio Rodríguez, mzao wa Wakongo, aliongeza tumba na tarumbeta kadhaa katika miaka ya 1940, na muziki ukanenepa. Wapuertoriko na Wakuba walioishi New York wakauchukua, wakauchanganya na mambo ya mjini kwao, na kuanzia miaka ya 1960 kampuni kama Fania, iliyoanzishwa mwaka 1964, zikauuza ulimwenguni kote. Jina la sokoni likawa salsa, yaani mchuzi.

Wakuba wenyewe dansi yao huiita casino. Jina hilo lilitokana na klabu moja ya Havana, Casino Deportivo, ambako katika miaka ya 1950 vijana walianza mchezo mpya. Badala ya kila mtu na mwenzi wake kujitenga kivyao, wachezaji walijipanga duara, wawili wawili, na mmoja akawa mwitaji. Mwitaji akisema "dame", yaani nipe, kila mwanamume humwacha mwenzi wake na kumpokea wa jirani. Akisema "dile que no", yaani mwambie hapana, wote hugeuka kwa pamoja. Kuna miito ya utani, kuna miito ya namba, na muziki ukizidi makelele mwitaji hutumia ishara za mkono. Mmoja akilala usingizi, duara zima linavurugika. Duara hilo huitwa rueda, gurudumu.

Likumbuke gurudumu hilo. Tutalirudia.

Santuri za GV

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1933 kampuni ya santuri ya Waingereza ilianza kutoa mfululizo wa sahani zenye alama ya GV, kwa ajili ya soko la Afrika. Nyingi kati ya zile za mwanzo zilikuwa na muziki wa Kuba: Sexteto Habanero, Trío Matamoros, na wimbo wa muuza karanga wa Don Azpiazú uliorekodiwa New York mwaka 1930 na kuvuma dunia nzima. Lebo ziliandikwa rumba, ingawa mwingi wa muziki ule ulikuwa son. Ndiyo maana mpaka leo Mwafrika akisema rumba na Mkuba akisema rumba wanazungumza vitu viwili. Rumba ya Kuba ni ya ngoma na sauti tu. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2016. Rumba ya Kongo, yenye magitaa, ikaingizwa mwaka 2021.

Sahani za GV zilishuka Matadi, Lagos, Mombasa na Dar es Salaam. Watu walipozisikia kwenye gramafoni hawakuelewa neno hata moja la Kihispania, lakini miguu ilielewa. Hili si la kushangaza tukikumbuka ilikotoka. Muziki ulikuwa unarudi nyumbani umevaa suti.

Na huku kwetu haukukuta uwanja mtupu. Watu wa mwambao na wa bara walishazoea kuunda vyama vya kucheza. Kulikuwa na beni, ngoma iliyoiga gwaride la wanajeshi, iliyosambaa mpaka bara na askari na makarani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye likaja dansi lenyewe: foksitroti, walizi, kisha rumba na chachacha. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Neno "jazz" lisikudanganye, bwana. Waliyokuwa wakipiga wazee hawa yalikuwa na damu ya Kuba.

Hebu chunguza hata maneno ya bendi. Ngoma zile ndefu zinazopigwa kwa viganja tunaziita tumba, kifupi cha tumbadora ya Wakuba. Wimbo wa taratibu tuliuita bolero. Na ule mtindo wa wimbo kuanza pole, mwimbaji akieleza kisa chake, halafu ghafla muziki unachemka na waitikiaji wanashika mstari mmoja huku solo likitamba, ndio mpangilio wa son: kwanza kisa, kisha montuno. Kila aliyewahi kujimwaga ukumbini kwenye chemko amecheza Kuba bila kuambiwa.

Kijana wa Morogoro

Wewe unayetaka kuandika riwaya, hapa kuna mhusika wako. Morogoro alizaliwa mwaka 1928 kijana Salum Abdullah. Santuri za Kuba zilimteka akili. Husimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akiwa na nia ya kufika Kuba kwenyewe, akaishia Mombasa. Meli haikupatikana, ndoto ikagoma. Wengine wangevunjika moyo. Yeye alirudi Morogoro, na mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyoitwa La Paloma, ambayo baadaye iliitwa Cuban Marimba Band.

Lipime jina hilo kwa makini: Cuban na Marimba. Nusu moja ni ng'ambo, nusu nyingine ni nyumbani. Salum Abdullah hakuwa na cheti cha chuo chochote, lakini katika maneno mawili alieleza yote ambayo mimi nahangaika kuyaeleza kwa kurasa kadhaa. Aliimba kwa Kiswahili, aliimba mapenzi na aliimba uhuru. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, hajafika hata miaka arobaini. Bendi iliendelea chini ya Juma Kilaza.

Reli ya Kati ilishapita Dodoma na kufika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Morogoro na Dodoma ni miji ya reli moja. Tabora nayo ilikuja kuwa na Tabora Jazz. Reli iliyojengwa na Mjerumani ili kubeba mali ya bara kupeleka pwani, ikabeba na muziki wa pwani kuleta bara. Mjerumani hakulipanga hilo.

Swali la Mwalimu

Mzee wetu wa kijiweni hakuanza yeye kuuliza swali lake. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akilihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana. Alisema wengi wetu tumejifunza rumba, chachacha, twisti, hata walizi. Je, ni wangapi wanaojua gombe sugu au lelemama? Swali lilikuwa kali, na lilistahili kuulizwa. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa wengine ni taifa la wajinga. Wanaonukuu nusu ya kwanza huwa wanaisahau nusu ya pili, na wanaonukuu ya pili huisahau ya kwanza.

Miaka michache baadaye mambo yakawa makali zaidi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwaka huo huo wa 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Kumbe rumba haikuguswa! NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964, iliendelea kuitumbuiza nchi, na bendi za polisi na jeshi zilipiga zilivyopenda. Kwa nini? Kwa sababu rumba ilikuwa imeshakuwa yetu. Katika muda wa kizazi kimoja tu mgeni alikuwa amepata uraia, na hakuna aliyekumbuka kumwuliza pasi.

Hilo ndilo fundisho la kwanza la historia hii. Kitu hakiwi chetu kwa kuzaliwa hapa tu. Huwa chetu tunapokifanyia kazi: tunapokitia lugha yetu, visa vyetu na jasho letu. Na kilichozaliwa hapa kinaweza kutupotea tukiacha kukifanyia kazi. Hapo ndipo Dodoma inapoingia.

Watu wawili wa Ugogo

Nchi ya Ugogo ni kavu. Mvua ni ya msimu mmoja, na ikikosekana ni njaa. Wazee waliirithisha habari ya Mtunya, njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920 iliyoua watu wengi. Katika nchi ya namna hiyo ngoma haiwezi kuwa kitu cha kupoteza muda. Ina msimu wake kama mtama: kuna ya kuomba mvua, kuna ya mavuno, kuna ya jando na unyago. Katika muheme wanawake ndio wapiga ngoma, wamezibana kwa mapaja, na kiongozi wao anapobadilisha pigo wengine hubadilika naye. Katika msunyunho na nindo sauti hupangwa juu ya sauti, kila kundi na mstari wake. Wataalamu wa muziki wamefunga safari kutoka Ulaya kuja kuzisikiliza sauti hizo.

Ugogo huo ulitoa wanamuziki wawili walioshika njia mbili. Wa kwanza ni Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Alishika zeze na ilimba, akaingia katika kikundi cha taifa cha ngoma, akawa Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa, na akafika majukwaa ya Ulaya na rekodi za kampuni ya Real World. Hakuacha Kigogo chake mlangoni. Alifariki Desemba 2003.

Wa pili ni Patrick Balisidya, aliyezaliwa Mvumi mwaka 1946. Yeye alishika gitaa na kinanda, akapitia Dar es Salaam Jazz, na mwaka 1970 akaunda Afro 70, ambao mtindo wao uliitwa Afrosa. Mwaka 1977 Afro 70 waliiwakilisha Tanzania kwenye FESTAC kule Lagos, tamasha la Waafrika na watu weusi wa dunia nzima. Alifariki Agosti 2004.

Walizikwa katika muda usiofika mwaka mmoja. Mmoja alikwenda duniani na chombo cha babu yake, mwingine aliichukua njia ya bendi, njia ile ile iliyofunguliwa na santuri za Kuba. Nani kati yao alikuwa Mgogo zaidi? Mimi nalikataa swali lenyewe. Wote wawili walijifunza kwa bidii. Ndilo jambo lililowaunganisha.

Duara

Sasa turudi kwenye gurudumu. Dansi la kizungu, lile la walizi, lilitufundisha kucheza wawili wawili: mwanamume na mwanamke, wameshikana, wameupa ukumbi mgongo. Ngoma zetu zina umati, zina mwimbishaji na waitikiaji, na asiyecheza anapiga makofi. Watu wengi huona hizi ni dunia mbili. Lakini rueda ya Havana imeziunganisha: mko wawili wawili, na bado mko duarani, umeshika mkono wa mtu, lakini si wako peke yako, mwito ukitoka unampa jirani. Na mwitaji ni nani kama si mwimbishaji wetu aliyevaa viatu vya ng'ozi?

Ndiyo maana kijana wa hapa huishika rueda upesi kuliko anavyotegemea. Kinachomsumbua ni kuhesabu nane na kunyamaza kwenye nne na nane. Jambo la kusikiliza mtu mmoja na kugeuka pamoja na wengine ishirini amelikuta kwao.

Lakini hapa sitaki tujipongeze, vijana wenzangu. Salsa inafundishwa. Kila hatua ina jina, kila jina linajulikana Havana, Paris na Tokyo, na mtu asiyewahi kukanyaga Kuba anaweza kujifunza katika chumba chake kwa kutazama simu. Je, muheme? Hatua zake ziko miguuni mwa bibi zetu, na majina ya mapigo yake yako vinywani mwao. Zamani haikuhitaji mwalimu, kwa sababu mtoto alikua ndani yake, msimu baada ya msimu. Leo msimu unafika na kijana yuko mjini. Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji ukawa jiji mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatuleta kutoka Dar kwa saa chache. Mashamba yaliyokuwa viwanja vya ngoma yamepimwa viwanja vya nyumba. Hakuna aliyeipiga muheme marufuku. Inakosa nafasi tu, na kukosa nafasi kunaua taratibu kuliko marufuku.

Wapo wanaohangaika. Tangu mwaka 2009 limekuwapo tamasha la muziki wa Wagogo pale Chamwino, lililoanzishwa na Kedmon Mapana, msomi wa muziki aliyezaliwa Ugogo, ambako vikundi vya vijijini hukutana, watoto kwa wazee, mbele ya umati. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini tamasha ni siku chache, na mwaka una siku 365.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzee wa kijiweni ni hili: mwache kijana acheze salsa, babu, ni kitu cha jamaa zetu waliopotea baharini. Na kwa kijana ninasema: umetumia miezi mitatu kujua "dame" na "dile que no". Tumia mitatu mingine kukaa miguuni pa bibi anayepiga muheme. Mwulize pigo hili linaitwaje, nani alimfundisha, lilipigwa lini na kwa nini. Yahesabu mapigo kwa kidole kama unavyohesabu salsa. Kisha andika.

Hilo la mwisho linatuhusu sisi wa kalamu. Salum Abdullah tunamjua kwa sababu sauti yake ilibaki kwenye santuri. Wapiga ngoma wa Ugogo wa wakati wake, waliokuwa hai siku ile ile aliyotorokea Mombasa, hatuwajui hata majina. Hawakukosa ufundi. Walikosa mwandishi. Duara lao bado halijavunjika, mwitaji angali anaita, na waitikiaji ni wachache. Nenda ukaitikie.